Kiapo cha Noreen na Jiko la Alhamisi

Noreen Haworth aliapa mbele ya kanisa letu hapa mjini Bacup kwamba yeye si mcheza kamari, na aliapa kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

Mambo yalianzia jikoni. Jiko ambalo mimi na yeye tulilitumia kuwapikia wazee kila Alhamisi lilikufa mwezi wa kumi, na wazee wakawa wanakula mkate baridi. Kanisa letu halina hela, na halitaki kusikia hata bahati nasibu ya keki. Basi Noreen akaenda kuzichota kwa makampuni ya kamari yenyewe.

Kila kampuni humkaribisha mgeni kwa zawadi: weka dau lako, tukupe jingine bure. Noreen aliweka dau kwamba timu fulani itashinda, kisha akaingia kwenye soko la mtandaoni ambako watu huwekeana dau wao kwa wao, akaweka kwamba timu hiyohiyo haitashinda. Huku akipata, kule akikosa, ngoma droo. Lile dau la bure akalicheza vivyo hivyo, likageuka hela mkononi. Akahamia kampuni nyingine.

"Kamari ni kamari," alisema Cyril Pickup, mzee wa kanisa.

"Kamari ni kutumaini, Cyril. Mimi hata sijui nani anacheza na nani. Baba alikuwa akipeleka kodi ya nyumba kwenye mbio za mbwa, sisi tunalala njaa. Wamekula kwetu vya kutosha, acha na mimi nile kwao!"

"Apa basi."

"Naapa. Siku nikijali nani kashinda, hela hiyo haiingii hapa."

Nilimpenda kwa hilo. Nampenda mpaka leo.

Jumamosi moja tulikuwa tunamenya viazi, simu yake imeegemea chupa ya siki. Soko lile lina vitufe viwili: cha buluu, timu itashinda, cha waridi, haitashinda. Mechi ilishaanza alipogundua amebonyeza buluu. Madau yote mawili yalikuwa upande mmoja.

"Bonyeza cha waridi sasa hivi," nikamwambia. "Utapoteza kidogo tu."

"Ngoja kwanza."

"Noreen!"

"Nimesema ngoja, wewe! Wanashambulia."

Akaacha kisu. Mpira ulipokaribia kwisha timu yake ikafunga, akaruka, akapiga sufuria kwa mwiko, akanikumbatia na maganda yake. Kisha akakaa.

"Ningeweza kurekebisha," akasema. "Sikutaka. Ilikuwa tamu, shoga yangu. Sasa nimemwelewa baba, na inaniuma kumwelewa."

"Nyamaza tu. Nani atajua?"

"Mimi."

Jumapili baada ya ibada aliweka bahasha mbili mezani kwa Pickup. "Hii ya jiko. Hii ya jana, niliisubiri roho juu. Ni kamari, haiingii hapa."

Pickup akahesabu ya kwanza, akaona haifiki bei ya jiko. Akakohoa. "Krismasi imekaribia, Noreen. Tuziweke zote tu, yaishe."

"Ala! Isiyo kamari umenipigia kelele wiki zote hizi, iliyo kamari unaitaka? Toa mfukoni mwako, Cyril."

Alinung'unika, lakini akatoa. Alhamisi hiyo wazee walikula pai ya nyama na viazi, ya moto, na kabichi nyekundu ya siki.

Bahasha ya pili ilibaki mkobani mwa Noreen hadi Jumanne, siku ambayo watu wanaojinasua na kamari hukutana chumba cha nyuma cha kanisa. Sisi wa jikoni huwapelekea chai tu na kuondoka. Noreen alibeba birika mwenyewe, akatia bahasha kwenye kopo lao la michango, kisha akavuta kiti akakaa kati yao.

"Mama wa chai, umechoka leo?" mmoja akamtania.

"Sijachoka, na msinionee huruma. Naitwa Noreen. Nimecheza mara moja, nikashinda. Na tangu siku hiyo, kila nikiamka naangalia nani anacheza na nani."