Mikono ya Bi Setti na Dawa za Ghouti

Bakuli la shaba lilimponyoka Bi Setti likamwangukia mteja begani, na wanawake wote mle hamamu, nyumba ya kuogea kwa mvuke, wakageuka kumtazama. Mteja mwenyewe alikuwa mke wa muuza vitambaa, mwanamke wa kulalamika hata pasipo na bakuli, lakini siku hiyo alisema tu kwa upole, "Pole bibi, ndio uzee huo." Hapo ndipo Bi Setti alipokasirika. Angetukanwa angesamehe.

Uzee, uzee, mpaka masikio yamechoka. Mabega yalipoanza kumuuma aliambiwa uzee. Aliposujudu akashindwa kunyanyuka kwenye mkeka, uzee. Kwani uzee unaingia kama mgeni, jana hayupo leo ameshakaa sebuleni na viatu vyake? Majira ya baridi yaliyopita tu alikuwa akisugua wanawake kutwa nzima, migongo ya nusu ya mji wa Tlemcen anaijua kuliko sura zao, na jioni akipanda ngazi za kwake na kapu la mboga mkononi bila kupumzika.

Na harusi ya Wafaa ilikuwa inakaribia. Wafaa ni binti wa Rahmouna, shoga yake tangu utotoni, na Bi Setti ndiye aliyemsugua Rahmouna mwenyewe siku alipoletwa hamamu kama bi harusi. Binti alishasema mbele ya watu, "Bibi, mgongo wangu haushiki mtu mwingine." Bi Setti alikuwa akilitaka hilo kuliko kitu chochote mwaka ule. Ila Zoulikha, mwenye hamamu, alianza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

"Shoga, siku ile watakuja wageni wenye macho. Ukimwangushia bi harusi bakuli kichwani, sura zetu tutaziweka wapi?"

"Sitaangusha."

"Hata hivyo nimemwambia Hafida akae tayari."

Hafida ni msichana mwenye nguvu na haraka nyingi, anasugua watu kama anaosha sufuria iliyoungua. Bi Setti akajikaza kisabuni, akaendelea na kazi.

Alichofanya ni kile wanachofanya wanawake wote pale. Kwenye hamamu kila mkoba una sabuni, kitana na vidonge vya maumivu. Huyu anakupa cheupe, yule anakupa chekundu, anakuapia kwamba kilimwinua mama yake kitandani. Bi Setti akavimeza vyote. Tumbo likamwaka moto, miguu ikavimba, na kesho yake mabega yalikuwa palepale. Mkojo nao ukageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Akajiambia ni jasho la hamamu, hanywi maji ya kutosha.

Mwishowe alikwenda kwa Daktari Amaria, yule aliyemwandikia dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Si kwamba hakuwa amekwenda kabla. Alikwenda, na kila mara alirudishwa na neno lilelile. Safari hii alikaa kwenye kiti akakumbatia mkoba wake.

"Bi Setti, na umri nao..."

"Mwanangu, ukilimalizia hilo neno naondoka na hutaniona tena."

Daktari akaweka kalamu chini. "Haya. Nyumbani unakunywa dawa gani?"

"Ile uliyonipa."

"Na nyingine?"

Bi Setti hakuwa mwongo, ila alilelewa na adabu zake. Kumpelekea daktari dawa za mtu mwingine aliona ni sawa na kualikwa chakula ukaenda na sufuria yako kwapani.

"Vya maumivu, wananipa wenzangu. Na ya Ghouti."

"Ghouti ndio nani?"

"Mwanangu. Yuko Lyon."

Ghouti alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka, lakini kila jirani aliyetoka huko alikuja na mfuko wake: kahawa, chokoleti, na maboksi ya dawa ya mafuta kwenye damu. Alishamwambia mama yake kwamba dawa ni za Ufaransa, hizo nyingine ni unga. Basi kila usiku Bi Setti alikunywa ya daktari, kwa kuwa aliahidi, kisha akanywa ya Ghouti, kwa kuwa ni ya Ghouti. Boksi lake alitembea nalo kwenye mkoba popote alipokwenda.

Daktari Amaria alililaza boksi hilo kando ya lile la kwake, akasoma moja, akasoma jingine.

"Majina ya juu tofauti, ndani dawa ni moja," alisema. "Umekuwa ukinywa dozi mbili, bibi. Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Wewe uliuliza umri wangu tu."

Daktari alimpima damu na mkojo siku hiyohiyo. Kwa dozi hizo mbili, misuli ilikuwa inavunjika na uchafu wake unaingia kwenye damu, na figo ndizo zilizokuwa zikiubeba mzigo wote. Bi Setti alilazwa, akatundikiwa maji. Dawa zote mbili zikasimamishwa, na vile vidonge vya hamamu akakatazwa kabisa, kwani ndivyo vilivyomchoma tumbo na kumvimbisha miguu, na kwa figo zake vilikuwa sumu.

"Mikono itarudi? Nina bi harusi wa kumsugua."

"Mingi hurudi. Lakini haina haraka, na harusi yako ina haraka."

Alipotoka hospitali alimpigia simu Ghouti kumweleza, na hilo lilimpa tabu kuliko sindano.

"Mama, ya huko ndiyo uache," Ghouti alisema. "Kunywa yangu."

"Ni dawa moja, mwanangu."

"Haiwezi kuwa moja."

"Ghouti, nilikuwa nakojoa chai."

Sauti ya Ghouti sasa ilikuwa ya mtoto aliyerudishiwa zawadi. "Mimi nilituma kwa wema tu, mama. Sasa bado unaumwa?"

"Mabega bado. Usinitumie dawa tena. Ukitaka kunitumia kitu, lete miguu yako."

"Kazi, mama. Unaijua kazi ya huku."

"Naijua," alijibu, na kwa kweli alichoka kuijua.

Siku ya kuogeshwa Wafaa walikuja na mishumaa na vigelegele. Bi Setti alivaa glavu yake ya kusugulia, akaanza kwenye mabega ya binti, taratibu, kama alivyoanza kwa mama yake. Alifika katikati ya mgongo mkono ukagoma. Ulikataa tu, ukabaki umening'inia. Wafaa alihisi, akasema bila kugeuka, "Pumzika bibi, nakusubiri." Lakini Zoulikha alishamkonyeza Hafida, na Hafida alishafika. Bi Setti akavua glavu akakaa kwenye jiwe la hamamu lenye joto, akashikishwa kazi ya kumimina maji. Roho ilimuuma, na hasira hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Amkasirikie nani? Daktari alitaka apone, wenzake walitaka apone, Ghouti alitaka apone.

Aliporudi nyumbani alikuta jirani ameacha mfuko kutoka Lyon. Aliufungua kwa moyo mzito. Kahawa, chokoleti. Boksi la dawa ya mafuta kwenye damu halikuwemo, na kwa mara ya kwanza siku ile alijikuta anatabasamu. Mtoto alisikia. Kisha akainua pakiti ya kahawa, na chini yake kulikuwa na boksi kubwa la vidonge vya maumivu.

Simu ikalia.

"Umeviona, mama? Hivyo ni vikali, vya mabega hasa. Nimevitafuta wiki nzima."

"Nimeviona, mwanangu. Wewe unakuja lini?"

Ghouti akamwambia vinywewe baada ya chakula.