Nilishika Ulimi wa Mtoto wa Watu

Nilikosea, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Sikusomea ualimu. Nilijitolea kufundisha Kiswahili darasa la nne katika shule moja ya Sironga kwa sababu nilijiona nakijua. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuiga watangazaji wa redio. Sisi Wakisii L hutushinda, hugeuka R mdomoni. Nilikuwa nimechekwa sana, basi nikawa nasimama mbele ya kioo nikiusukuma ulimi kwa kidole mpaka herufi ikakaa. Nikaapa hakuna mwanafunzi wangu atakayechekwa.

Kulikuwa na msichana, nitamwita Kwamboka. Maneno yake yalizidi ya darasa zima. Asubuhi hiyo alikuwa akisimulia jinsi ng'ombe wao "arivyorara" kwenye migomba. Nikamkatiza. Akarudia, akakosea tena. Nikamwambia afungue mdomo.

Niliushika ulimi wake, vidole vyangu vimejaa vumbi la chaki. Nikausukuma juu, nyuma ya meno. "L inakaa hapa. Sema lala."

Mokaya wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, unanunua ng'ombe?"

Darasa likaangua kicheko, maana sokoni mnunuzi humfungua ng'ombe mdomo hivyohivyo. Nami nikacheka, ulimi wa mtoto ungali mkononi! Ndipo Kwamboka akatapika uji wote wa asubuhi, mkononi mwangu na kwenye sare yake. Badala ya kumtoa nje akanawe, nilimpa kitambaa cha kufutia ubao apanguse sakafu.

Kesho yake akaja mama yake, vidole vyeusi kwa kuchuma majani chai.

"Mwarimu, mtoto haongei. Hata nyumbani haongei. Umemfanya nini?"

Unajua nilichowaza? Niliwaza kumsahihisha. Ni mwalimu, mama, si mwarimu. Hilo linanichukiza kuliko hata lile la darasani.

Niliacha kufundisha. Juzi nikamwona Kwamboka mjini Nyamira, akibishana na mama yake juu ya viatu, sauti juu, anacheka. Nikafurahi, nikamwita kwa jina. Aliponiona, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Wewe unayefundisha, mtoto akikosea herufi, itamke wewe vizuri, masikio yake yatafanya kazi. Mdomo wake usiuguse. Mimi nilinawa mkono siku ileile. Yeye bado anauonja.