Faini ya Kununa

Hamisa Mdoe ni Mzigua wa Sindeni, Handeni, lakini riziki yake ipo Korogwe, kwenye shamba moja la mkonge ambalo jina lake naliacha. Kazi yake ni kuanika singa, nyuzi za mkonge, juani. Mikono imemkauka, mdomo haujakauka hata siku moja. Mumewe, Awadhi, hubeba matita ya majani hapo hapo kiwandani. Na mtani wake ni Matayo, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa huku enzi za wakoloni kukata mkonge. Matayo ndiye aliyekuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine inayoyakwangua mpaka zibaki singa tupu.

Utani wa Mzigua na Mnyamwezi hauna mipaka. Hamisa alikuwa akimwambia Matayo mbele ya watu kwamba akifa watamzika na jani la mkonge mdomoni, naye Matayo anarudisha jambo baya zaidi. Watu wanacheka, kazi inakwenda. Sharti ni moja tu: mtani hanuni. Akinuna, anatozwa kuku.

Masika yaliyopita korona ilimnyakua mkono Yusuph, mwenzake Matayo wa kulisha majani. Matayo alikuwa kando yake, ndiye aliyemvuta. Yusuph akakimbizwa hospitali, mashine ikaoshwa, na kesho yake Matayo akarudishwa pale pale. Hakuna aliyemwuliza hali. Erasto, msimamizi, alisema kazi ni kazi, akaona amemaliza. Maneno hayo yananichefua, maana wanaoyasema mikono yao huwa mbali na mashine.

Toka siku hiyo Matayo hakujibu utani. Hamisa alimchokoza hivi, akamchokoza vile, mwenzake anaitazama korona tu. Wafanyakazi wakakaa wakati wa chai wakamhukumu: amenuna. Ndiyo, watu wazima na akili zao walimtoza faini mtu aliyekuwa anazama. Matayo akaleta jogoo, nao wakamla kwa ugali na vicheko.

Siku chache baadaye alimletea Hamisa redio yake.

"Chukua, mtani. Mimi sina kazi nayo tena."

Hamisa alifungua mdomo amtanie, utani ukagoma kutoka. "Matayo," akamwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, "unakwenda wapi?"

Matayo akalia. Akasema usiku halali, akifumba macho anamsikia Yusuph. Akasema amechoka, na kwamba alikuwa amekwisha kuamua kujimaliza. Hamisa aliingiwa na hofu, kisha aibu, maana paja la yule jogoo alikuwa amelila yeye.

Alimshika mkono, hakumwachia, mpaka kwa Erasto.

"Bosi, huyu anaumwa. Nampeleka hospitali, na kwenye korona harudi."

"Anaumwa nini? Mbona namwona mzima?"

"Mzima wapi! Anataka kufa, bosi. Umewahi kumwuliza?"

Wanawake wa kuanika wakaacha singa kwenye kamba, wakaja kusimama nyuma yake. Hawakupiga kelele. Erasto aliwatazama, akaitazama mashine iliyokuwa imesimama, akakubali.

Hospitali Matayo alipewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Kazini alihamishiwa kuanika. Bado ni mkimya, lakini yupo, na kwa hilo Hamisa alimshukuru Mungu kwa moyo wote, mpaka alipojua ni nani aliyeitwa kuziba nafasi yake kwenye korona. Ni Awadhi.

Jioni ya siku ya kwanza Awadhi alirudi, akanawa, akakaa mkekani.

"Pole na kazi, baba Ikram. Imekwendaje?"

"Salama."

Ndivyo wanaume wetu wanavyojibu kila jioni, na ndivyo tunavyowaacha. Hamisa aliweka mwiko chini, akaketi mbele yake, akamwuliza tena, polepole. Awadhi aliitazama mikono yake, wa kulia na wa kushoto.

"Naogopa, mama Ikram."