Ndimu Chini ya Pijo

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla binamu yangu Haresh hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi, na mimi (mtanishangaa) naionea fahari kidogo.

Ilikuwa enzi za ruksa, magari ya mtumba yanamiminika bandarini, na Baba, mwenye duka la vitambaa pale Mchafukoge, akatukubalia mimi na Haresh kila mtu aagize gari lake kutoka Ulaya, kwa sharti kwamba moja litabaki nyumbani na jingine liuzwe ipatikane pikapu ya kubebea majora. Mimi nikaleta Pijo 205 GTI nyekundu, yeye Reno 5 Turbo, na tukabishana wiki nzima mpaka chai zikapoa. Reno ilikuwa nyepesi, turbo ikishaamka inakubandika kwenye kiti (nisiwe mwongo, hapo hata Pijo yangu iliona mgongo tu), ila mpaka iamke umeshapitwa na mkokoteni. Pijo haisubiri kitu, ukikanyaga imeondoka, kona inakata bila kuyumba, na nilimwapia Baba kwamba miaka ikipita hiyo ndiyo watu watakayoitafuta.

Baba akasema atachagua Jumamosi, baada ya puja, ibada yetu ya kuyabariki magari. Mama akaja na nazi na maua, akaweka ndimu chini ya kila tairi, maana kwetu gari jipya huzikanyaga polepole kuondoa husuda. Kariakoo yote naona ilikuwa imehamia mbele ya duka, nami nikaamua hapohapo ndipo Baba aione nguvu ya Pijo.

"Taratibu, mwanangu," Mama akasema.

Nikapandisha moto, nikaachia klachi kwa mkupuo. Tairi za mbele zikaserereka juu ya ndimu, majimaji na matope yakairukia sari ya Mama, kisha zikashika ardhi ghafla na gari likaenda moja kwa moja kwenye masufuria ya Mama Zuhura, jirani yetu mwenyeji wa Lindi, aliyekuwa ameyapanga barabarani akisubiri wateja. Akainama dirishani bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniua.

"Kijana, kama umekuja kuposa, ungebisha hodi."

Mtaa ukaangua kicheko. Haresh akazikanyaga ndimu zake polepole, zikapasuka kwa adabu, akapigiwa makofi, na mfanyabiashara mmoja akaanza kuizunguka Reno akiuliza bei. Nikajua Pijo ndiyo imekwenda hivyo.

Baba akaipapasa boneti yangu iliyobonyea. "Hii nani atainunua ikiwa hivi?" akasema. "Tunauza Reno."

Haresh hakula siku ile, na simlaumu.

Pijo ninayo mpaka leo. Juzi kaja mtu anayekusanya magari ya zamani, kaitaka sana, kasema boneti tu ndiyo ya kunyoosha, nikamwambia lile bonde haliguswi, ndilo lililonibakizia gari. Ila likija gari jipya nyumbani, Mama akishapanga ndimu zake, ufunguo nampa Haresh.