Baraka Niliyoibeba Kutoka Tena

Sababu ya safari ilikuwa harusi yangu. Baba aliweka sharti moja: hatanishika mkono kuniingiza kanisani mpaka mama yake anibariki. Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita bibi, alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho, akafikia mtaa wa Tena kwa shangazi yangu Koki. Nyinyi wa nyumbani, mtaa wa Mbotela, mtacheka kwamba Tena hapo karibu nako ni safari. Chekeni.

Hofu yangu ilikuwa lugha. Baba ni Mkamba, Mama ni Mkikuyu, na nyumba yetu ilikutana katikati, kwenye Kiswahili. Kikamba chetu kilikuwa neno moja, mwaitu, yaani mama, ambalo Baba huniita kwa kuwa mimi ni wajina wa mama yake. Kwa kina Mama naitwa wa Wakamba. Kwa kina Baba naitwa mtoto wa yule Mkikuyu. Susu hakuwahi kumkubali Mama. Siku ya harusi yao alibaki Ukambani, na baraka yake akabaki nayo.

Asubuhi niliondoka kwa miguu ili nipate nafasi ya kukariri salamu aliyonifundisha Baba. Nilivuka Jogoo Road nikiinong'ona.

Jericho niliingia sokoni kununua leso na sukari kwa Mama Kevo, anayetujua sote.

"Sasa Mwende! Mbona unaongea pekee yako? Ama ni harusi inakuchanganya?"

"Naenda kuona Susu, na sijui Kikamba."

"Si umwongeleshe tu Kiswahili? Ataskia."

"Ataskia kidogo. Lakini Anti Koki pia ataskia, na atanicheka."

Akaniongeza kipimo cha sukari.

Mtaani Tena nilifika mchana. Shangazi ni karani, wiki nzima anahudumia watu kwa Kiswahili, lakini mlangoni pake alinimiminia Kikamba kirefu. Nikatoa salamu yangu.

"Umekaririshwa," akacheka. "Na baada ya hiyo?"

Nikamnyoshea sukari.

"Haya, karibu, mgeni."

Hilo neno mgeni liliniuma. Nyumba ni ya dada ya baba yangu.

Susu alikuwa kwenye kochi, jicho moja limefungwa bendeji. Alinipapasa vidole, akataja jina letu mara mbili, akafungua viganja vyangu, akainama na kuvitemea mate kidogo. Nami, mtoto niliyelelewa kwa kukimbizwa na sabuni, nikajifuta kwenye gauni kabla sijafikiri.

"Umefuta!" Shangazi alishika kichwa. "Hayo ndiyo mate ya baraka, wewe! Mnaona matokeo ya kulea watoto wasiojua kwao?"

Nilipiga magoti. Niliogopa kweli. Akilini nilimwona Baba akibaki nyumbani siku ya harusi yangu.

"Anti, tafadhali, mwambie sikujua."

"Mwambie mwenyewe. Si ni bibi yako?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, huku nalia. Susu akauliza jambo kwa Kikamba. Shangazi akajibu kwa mkato. Susu akauliza tena, sasa kwa ukali.

"Anauliza nani alikufundisha kupiga magoti," Shangazi akasema.

"Mama."

Shangazi akatafsiri kwa sauti ya chini. Susu akashusha pumzi, akanivuta kichwa, akanitemea kwenye paji la uso.

"Anasema mikono yako ina kazi nyingi, basi ubebe hapo." Shangazi hakuniangalia. "Na usifute mpaka umfikishie huyo mama yako."

Njiani kurudi sikuwa na amani. Jasho lilinitoka kwenye daraja la barabara ya Outering, nami sikuthubutu kuinua mkono. Jericho mawingu yakafunga na matone yakaanza. Nikajifunika mkoba, nikakimbia.

"Unalinda nywele?" Mama Kevo akaita.

"Ni uso!"

Akanirushia katoni tupu nijifunike.

Nilipofika Mbotela, Baba alikuwa mlangoni. "Vipi, mwaitu?"

"Mama yuko wapi?"

Alikuwa jikoni anaosha mboga za sukuma wiki. Nilimweleza yote. Aliniangalia paji kana kwamba linaweza kumchoma.

"Amesema mimi? Koki hakugeuza maneno?"

"Alisema shingo upande, lakini alisema."

Mama alifuta mikono kwenye leso. Ilikauka, akaifuta tena. Ndipo akaweka kiganja chake pale kwenye paji langu, akakaa nacho hivyo, machozi yakimtiririka. Baba akatazama chini.

Kikamba bado sijui. Nilikwenda nikidhani ulimi wangu ndio utakaonihukumu, kumbe magoti niliyofunzwa na Mama yalikuwa yamenisemea. Jioni ile Baba ndiye aliyemalizia kuosha sukuma. Mama hakutaka kuulowesha ule mkono.