Wifi Aliyekataa Kujizuia

Kiwandani walimwita Ngamia, na kwa miaka kumi na moja alilibeba jina hilo kama cheo. Mimi namwita wifi, maana ni dada wa mume wangu, na ndiye aliyenitafutia kazi pale. Yeye alishona kola za mashati, mimi nilitia vifungo kwenye mashine iliyo nyuma yake. Kisogo chake nimekitazama kuliko nilivyoutazama uso wa kaka yake.

Jina hilo lilitokana na kibao. Laini yetu ilikuwa na wanawake sitini, choo kimoja, na kibao kimoja cha mbao kilichotundikwa kwenye msumari kando ya meza ya msimamizi. Huna kibao mkononi, huendi. Ukikichukua, anatazama saa; dakika tano zikipita, unaandikwa. Basi tukajifunza kutokunywa maji. Chai nusu kikombe asubuhi, kisha midomo ikauke mpaka jioni. Wifi alituzidi sote. Aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa kumi na moja jioni, hajainuka hata mara moja, chini ya lile paa la bati. Msimamizi alikuwa akimtolea mfano.

"Mwangalieni Ngamia," alisema. "Ana kibofu kama nyinyi, ila yeye ana adabu."

Wifi alicheka tu, na kola zikaendelea kutoka.

Maumivu yalimwanzia ubavuni, mgongoni chini ya mbavu za kushoto. Akasema ni kiti, akaweka mto. Siku moja tukifua kwake akaninong'oneza kwamba haja ndogo inamchoma kama pilipili, akanikataza nisimwambie kaka yake. Wiki haikuisha. Jumanne, saa nne asubuhi, nikaona mabega yake yanatetemeka katika joto lile. Nikamwita, hakugeuka. Aliinama, akatapika juu ya rundo la kola nyeupe, kisha akaanza kuziomba radhi zile kola.

Msimamizi akaniuliza nani ataziba nafasi yangu. Nilikuwa nimeshamshika wifi kiunoni.

Kliniki, bwana mmoja wa maabara alimpa kikombe cha plastiki. Wifi alikaa chooni muda mrefu, akarudi na kitu kilichofunika kitako cha kikombe tu, rangi yake kama chai ya rangi iliyochemka mno. Daktari, mama mfupi anayesema haraka haraka, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Leo umekunywa maji kiasi gani?"

"Leo bado."

"Jana?"

Wifi akafikiri. "Chai."

Daktari akamlaza, akamtundikia dripu, akatoa damu ya kupima. Majibu yalipokuja alivuta kiti kando ya kitanda, akageuza fomu na kuchora nyuma yake.

"Figo zako hizi, mbili, kila moja kama ngumi yako. Damu yako yote inapita humo, inatoka, inarudi tena, haipumziki. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kila kimoja ni kishada cha mishipa myembamba kuliko unywele. Damu inaingia kwa kusukumwa, maji yanapenya, na pamoja nayo chumvi, sukari na taka. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti, zinabaki kwenye damu."

"Maji kiasi gani hayo?"

"Kwa siku? Lita mia na themanini hivi."

Wifi, na homa yake, alinyanyua kichwa. "Daktari, usinitanie mgonjwa. Hilo si pipa zima?"

"Pipa zima. Ndiyo maana huyakojoi yote. Kutoka kwenye kichujio yanapita kwenye kijimrija chenye kona nyingi, na humo mwili unarudisha vyake: sukari, chumvi kwa kipimo, karibu maji yote. Kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho kinabeba taka. Huo ndio mkojo. Unashuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, unasubiri utoke."

"Na nisipokunywa?"

"Figo zinabana. Zinarudisha kila tone, mkojo unakuwa kidogo na mzito, kama ule wako. Ukiuzuia kutwa nzima, vijidudu vinapata pa kuzaliana. Vyako havikuridhika na kibofu, vimepanda mpaka kwenye figo. Homa inatoka huko. Na damu yako inaonyesha taka zimeanza kubaki ndani."

Wifi akaitazama ile michoro.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nasifiwa kwa kujiua."

"Nani anakusifu?"

Akamweleza habari ya kibao. Daktari aliweka kalamu chini.

"Nataka barua," wifi akasema. "Yenye mhuri. Uandike yote, na hizo lita mia na themanini uziandike."

Alichomwa sindano siku tano. Kaka yake alikuja kumwona, akamshauri akirudi kazini atulie, avumilie, asilete fujo.

"Wewe ukibanwa unasimama nyuma ya ukuta wowote," wifi alimjibu. "Usinifundishe kuvumilia."

Mume wangu alitafuta kiatu chake kimoja chini ya kitanda kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu wifi alirudi kiwandani na dumu la lita mbili, akaliweka sakafuni karibu na mguu wake. Saa tatu akanywa mbele ya watu, koo likipanda na kushuka. Saa nne akainuka, akapita meza ya msimamizi bila hata kuutazama msumari wa kibao.

"Wewe! Kibao kiko kwa mwenzako!"

"Na akae nacho," wifi alisema, na hakupunguza mwendo.

Mchana tuliitwa ofisini, mimi kwa kosa la kuacha mashine siku ile. Meneja aliisoma barua ya daktari mara mbili. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alisema kwa upole kwamba amesikitika, na kwamba kuanzia sasa wifi anapewa ruhusa maalumu: ataweka maji, ataenda chooni apendavyo.

Nilishusha pumzi. Nilimkanyaga mguu ili aseme asante.

"Mimi peke yangu?" wifi aliuliza.

"Wewe ndiye mgonjwa."

"Na hao hamsini na tisa unawasubiri waugue? Wao damu yao haichujwi?"

"Mama, nakupa nafasi ambayo wengine hawana."

"Ndiyo maana siitaki."

Meneja akakunja barua, akamrudishia. Kesho yake wifi aliondolewa kwenye kola, akapelekwa kwenye pasi za mvuke, kona yenye joto kuliko zote. Nilijua wanataka achoke aache mwenyewe. Yeye akaongeza dumu la pili.

Saa ya mapumziko alichukua chaki ya kukatia nguo, akachora mafigo kwenye meza ya vitambaa.

"Hayo ni maharage," mmoja akadakia, tukaangua kicheko.

"Cheka, lakini sogea uone," wifi alisema. Akatuchorea mishipa, vichujio, ile mirija na kibofu, kama alivyochorewa.

"Kwa hiyo mkojo ni damu?"

"Si damu. Ni kile ambacho damu imekikataa. Wewe unakirudishia mlango usoni kwa sababu ya kipande cha ubao."

Aliyeuliza alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakucheka tena.

Alhamisi, kama tulivyokubaliana, tulikunywa. Hakuna aliyetoa hotuba. Saa tatu, kila mmoja na chupa yake, tukanywa kwa pamoja kama dawa. Kufika saa nne na nusu nilikuwa nimebana magoti hata uzi siuoni. Wifi akatoka kwenye mvuke wake, uso unang'aa kwa jasho, akakitungua kibao, akamwekea msimamizi mkononi.

"Kishike wewe. Sisi tunakwenda."

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Niliogopa, sitaki kudanganya; miguu ilinyanyuka kabla yangu. Foleni ilitoka chooni ikapita meza ya kukatia mpaka kwenye mlango mkubwa. Msimamizi alipiga kelele, akataja majina, akaandika, kalamu ikaisha wino. Laini ilisimama karibu saa nzima, na kosa letu lote lilikuwa kukojoa.

Ijumaa tukafanya vilevile. Safari hii msimamizi hakupiga kelele. Foleni ilipofika katikati, niligeuka nikamwona naye amepanga foleni, mwisho kabisa, mikono nyuma, anatazama ukuta. Hakuna aliyemcheka. Wifi alimpisha mbele yake.

Jumamosi meneja alikuja mwenyewe na ufunguo, akafungua chumba kimoja kilichojaa maboksi, ambacho kumbe kilikuwa choo cha pili tangu jengo lijengwe. Maboksi yakatolewa. Msumari wa kibao ukang'olewa.

Wifi hawakumrudisha kwenye kola. Yuko pasi hadi leo, na ananung'unika kwamba kola za siku hizi zimepinda. Alipokwenda kupimwa tena, daktari alimwambia taka zimepungua kwenye damu, ila figo ya kushoto imebaki na kovu, na kovu halifutiki. Lazima apimwe kila baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu ilipotimia, hakwenda peke yake. Tulikuwa tisa, pamoja na yule mwenye mimba, tumebanana kwenye benchi lenye nafasi ya wanne. Bwana wa maabara alichungulia dirishani, akatuhesabu kwa kidole, akasema vikombe vimebaki vitano, wengine warudi kesho.

"Tafuta vingine," wifi alimwambia, akaweka mkoba wake sakafuni. "Hatuondoki."