Orathai na Karatasi Zinazosubiri Siku Njema

Ni saa moja na nusu asubuhi. Mlango wa ofisi ya uhamiaji ya Nong Sai haujafunguliwa, lakini Orathai Bunmak ameshagombana na watu wawili. Wa kwanza ni Mjerumani aliyeleta picha za viza alizopiga akiwa na miwani ya jua. Wa pili ni mzee wa Kiingereza aliyetia saini nakala zake zote kwa kalamu nyeusi.

"Bluu, mjomba! Bluu!" Orathai anamwambia huku akimsukumia kalamu. "Mwaka jana nilikwambia bluu. Mwaka juzi nilikwambia bluu. Hiyo nyeusi watasema ni fotokopi, watakurudisha, halafu utakuja kuninunia mimi."

"Si wino wote ni wino?" mzee anajitetea.

"Kawaulize wao. Ukirudi, nakala mpya ni baht tatu kila moja."

Mzee anacheka, anaketi kwenye stuli ya plastiki na kuanza upya. Zipo nakala kumi na nne.

Orathai, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ana meza moja, mashine moja ya fotokopi, mkasi, gundi na turubai la kuzuia jua. Kwa miaka kumi na sita amekuwa akijaza fomu za wazungu wanaoishi katika wilaya hii ya kaskazini mashariki mwa Thailand, wengi wao wakiwa wameoa wanawake wa vijiji vya hapa. Fomu moja ni baht hamsini. Siku nzuri anaondoka na baht mia saba. Mvua ikinyesha, hata mia mbili ni za kubahatisha.

Kinachomletea wateja zaidi ni ramani. Mgeni anayeomba kuongezewa muda wa kukaa kwa sababu ya ndoa hutakiwa kuambatisha ramani ya kuelekea nyumbani kwake, na wengi hawajui kuichora.

"Nimeichora wilaya nzima," anasema. "Mtu ameishi hapa miaka ishirini, mwache achore mwenyewe, nyumba yake inaangukia bwawani. Kila siku anapita karakana ya pikipiki, lakini kwenye karatasi haipo. Nyumba ya mama mkwe ndiyo anaisahau kabisa."

Akiulizwa kinachomchosha katika kazi hii, watu hudhani atazilaumu sheria. Orathai anamega wali wa kunata, anaufinyanga kwa vidole na kutikisa kichwa.

"Sheria zinachosha, sikatai. Lakini zimekaa palepale. Ukizifuata, unapita. Watu ndio hawakai palepale."

Sheria zenyewe anazitaja bila kuvuta pumzi. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Kwa hiyo kiwanja huandikwa jina la mke, na siku ya kununua, mume hutia saini kwamba fedha za kiwanja si zake. Kila siku tisini huripoti kwamba bado anaishi alikosema anaishi. Kila mwaka huomba upya kibali cha kukaa. Mke akifariki, mume anaweza kurithi, lakini ardhi hapewi kukaa nayo; hupewa muda usiozidi mwaka mmoja aiuze au aihamishe.

Kuna njia moja ya kumlinda mume wa namna hiyo. Mke akiwa hai, wanaweza kwenda ofisi ya ardhi na kuandikisha haki ya mume ya kuishi na kutumia nyumba maisha yake yote. Haki hiyo huandikwa nyuma ya hatimiliki. Isipoandikwa pale, karatasi ya nyumbani haina nguvu.

"Na hapo ndipo nyumba zinapotuponyoka," anasema Orathai. "Karatasi ninawaandalia, nzuri kabisa. Wanaibeba kwenda nayo nyumbani, wanaiweka kabatini, wanasubiri siku njema."

Ndivyo ilivyokuwa kwa Veikko Lahtela, mzee wa miaka sabini na moja, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Finland miaka kumi na minane iliyopita. Yeye na mkewe, Lamduan, walijenga nyumba ya matofali kando ya shamba la mpunga. Orathai aliwaandalia karatasi ya haki ya maisha miaka minne kabla ya Lamduan kufariki.

Lamduan hakutaka jambo kubwa namna hiyo lifanyike siku yoyote tu. Alikwenda hekaluni kumwomba mtawa mkuu amchagulie siku njema, yenye baraka, akapewa Jumatatu. Asubuhi hiyo walivaa nguo mpya, wakanunua shada la yasmini, wakafika ofisi ya ardhi wakakuta lango lina mnyororo. Sikukuu ilikuwa imeangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ilikuwa mapumziko ya kufidia.

Siku ya pili waliyopewa iliangukia katikati ya mavuno, na mashine ya kuvunia iliyokuwa imekodiwa na kijiji kizima haikuweza kusubiri. Siku ya tatu Lamduan alikuwa amelazwa hospitalini. Hakutoka.

"Nilikwenda kwenye mazishi na hasira," Orathai anasema, kisha anashusha sauti. "Ni vibaya kumkasirikia marehemu. Lakini nilimkasirikia. Nilikuwa nampenda sana."

Veikko alipewa barua na ofisi ya ardhi. Mwisho wa muda aliopewa ulikuwa tarehe ishirini Mei mwaka huu. Asipohamisha sehemu yake ya urithi kufikia siku hiyo, ardhi ingeweza kuuzwa, na nyumba ingefuata ardhi.

Lamduan hakuacha mtoto. Ndugu pekee aliyebaki alikuwa mpwa wake, Suphaphon, mwenye miaka ishirini na tisa, anayefanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari katika mkoa wa Rayong. Mahakama ilichukua miezi saba kumteua kuwa msimamizi wa mirathi. Mpango wa Orathai ulikuwa rahisi: Veikko amwachie Suphaphon ardhi yote, na siku hiyohiyo, kwenye kaunta ileile, Suphaphon amwandikishie mjomba wake haki ya kuishi humo hadi kufa.

Tarehe kumi na moja Mei, Orathai alimpigia Suphaphon simu.

"Shangazi, nitakuja," Suphaphon alisema. "Nimeshaomba ruhusa kazini. Nakuja tarehe ishirini na saba."

"Ishirini na saba ya nini?"

"Ya mwezi huu. Nimempigia mtawa mkuu, ndiyo siku njema."

Orathai anasema alilazimika kuiweka simu juu ya mashine ya fotokopi na kuzunguka meza mara moja ndipo akaichukua tena.

"Mwanangu, barua inasema ishirini. Ishirini! Hiyo siku yako njema tutakwenda kumsaidia mjomba wako kufunga mizigo?"

"Shangazi, usinifokee. Shangazi Lamduan aliheshimu siku."

"Shangazi Lamduan aliheshimu siku, na angalia tulipo!"

Hapo Suphaphon akasema lililokuwa moyoni. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ametaka kununua kiwanja kwa baht milioni moja na laki mbili ili ajenge vyumba vya kupangisha. "Nikisaini, nani atanunua ardhi yenye mzee ndani? Mimi nalala chumba kimoja na wenzangu watatu, shangazi. Angalau niifanye siku ambayo haitanigeuka."

Orathai alifunga meza saa nne asubuhi, jambo ambalo hajalifanya hata siku za mafua, akachukua pikapu ya kaka yake na kwenda hekaluni. Mtawa mkuu, mwenye miaka themanini na mbili, alikuwa anafagia majani.

"Baba, kwa nini ishirini na saba?" alimuuliza kabla hajakaa vizuri chini.

"Aliniuliza siku njema ya jambo la nyumba. Nikamwambia."

"Hakukwambia mwisho wa serikali ni ishirini?"

"Binti, hakuna aliyeniambia kuna mwisho."

"Na Lamduan, Baba, ulimpa Jumatatu ya mapumziko!"

Mtawa aliegemea ufagio wake. "Kwangu mimi siku zote zinafanana. Mapumziko nayajua kwa sababu watu wanaleta chakula kingi zaidi. Mngeniambia ofisi inafungwa, ningewapa Jumanne. Jumanne nayo ilikuwa nzuri."

Orathai anasema alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko peke yake. Miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mzee huyu kuhusu siku iliyofuata.

Mtawa alimpa tarehe kumi na nane, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Mbele ya Orathai, alimpigia Suphaphon mwenyewe.

Siku hiyo Suphaphon alishuka kwenye basi la alfajiri akiwa bado na sare ya kiwandani. Veikko alivaa shati lililopigwa pasi kwa bidii, na ukosi ukiwa umeungua kidogo. Karani wa ofisi ya ardhi aliirudisha faili mara mbili: kwanza kwa nakala ya cheti cha kifo iliyokosa saini, kisha kwa nakala ya cheti cha ndoa iliyofifia. Mara zote mbili Orathai alitoa nyingine kwenye mkoba wake. Alikuwa amekuja na nakala sita za kila kitu.

Kisha karani akasoma kwa sauti. "Unaelewa kwamba mzee huyu ataishi humo mpaka afe, na huwezi kumtoa?"

Suphaphon aliishika kalamu akaiweka chini. Akamgeukia Veikko.

"Mjomba, una miaka mingapi?"

"Sabini na moja," Veikko alijibu.

"Baba yako alikufa ana mingapi?"

Veikko alifikiri. Si mtu wa kudanganya. "Tisini na sita."

Foleni nzima ilicheka, karani naye akainamisha uso.

"Basi nimekwisha," Suphaphon alisema, na akatia saini.

Ilikuwa saa nne kasoro. Ile saa tatu na dakika tisa ilikuwa imepita wakiwa bado kwenye cheti cha ndoa, na hakuna aliyeitaja.

Karani aliigeuza hatimiliki akaandika nyuma yake. Veikko hajui kusoma herufi za Kithai. Aliweka kidole kwenye mstari. "Ni hapa?" aliuliza. Orathai alikisogeza kidole chake mstari mmoja chini. "Ni hapa." Alikiacha pale kwa muda, hadi karani alipoihitaji tena karatasi.

Wiki iliyofuata Veikko alikuwa mezani kwa Orathai, kwenye stuli ya plastiki, kuripoti siku tisini. Kibali chake cha kukaa nchini, ambacho baada ya kufiwa kilibidi kibadilishwe kuwa cha mstaafu, kinaisha Machi.

"Nyumba anayo mpaka afe," anasema Orathai. "Nchi anayo mpaka Machi. Mimi nitafanyaje? Machi atakuja, tutajaza."

Lakini kuna jambo ambalo ameamua kulifanya. Januari, orodha ya sikukuu za serikali itakapotoka, ataipiga nakala ishirini na mbili, moja kwa kila hekalu la wilaya, huku siku za ofisi kufungwa zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Mtawa mkuu ameshaitengea msumari ukutani, na ameagiza maandishi yawe makubwa.

"Na mtu akija kuniuliza siku, nitamwuliza kwanza mwisho wa serikali ni lini," mtawa amemwahidi.

Orathai hafichi kwamba hana imani na wateja wake kiasi hicho. Katika daftari lake ameshaorodhesha jozi kumi na saba za mke na mume ambao karatasi zao bado ziko kabatini. Kila Jumatano, kuanzia mwezi ujao, atafunga meza na kuwapeleka ofisi ya ardhi kwa pikapu, wawili wawili.

"Wakitaka kuvaa nguo mpya, wavae," anasema, akiwasha mashine. "Wakitaka yasmini, nitawanunulia mimi. Lakini watapanda."